Mtu wa Kabatini

Kijana anatoka hospitali kumwona babake. Anakata njia kupitia kiwanja kilichomea nyasi, anaokota mawe na kuyarusha kama mtu asiye na haraka, halafu anaona kitu chini. Ni sikio. Sikio la binadamu, limekatwa, limeanza kuoza na sisimizi wanatembea juu yake. Mimi na wewe tungepiga kelele, au tungepiga picha. Yeye anatafuta mfuko wa karatasi, analitia lile sikio ndani na kwenda nalo polisi.

Hivyo ndivyo Jeffrey Beaumont anavyoingia matatani katika Blue Velvet, filamu ya David Lynch ya mwaka 1986. Nimeitazama mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa bado chuoni, wasee wanne tumebanana kwenye kitanda kimoja cha hosteli, laptopu juu ya ndoo, na tulicheka sana. Mara ya pili nilikuwa peke yangu na niliizima katikati. Mara ya tatu ilikuwa Januari 2025, Lynch alipofariki siku chache kabla ya kutimiza miaka 79, na kila mtu kwenye simu yangu akageuka ghafla kuwa mtaalamu wa Lynch. Siku hiyo ndiyo nilielewa kwa nini niliizima ile mara ya pili. Nitasimulia mpaka mwisho, kwa hivyo kama hujaiona na hutaki kuharibiwa utamu, iweke hii kando kwanza, utairudia.

Tuanze na mji. Unaitwa Lumberton. Jina hilo ni la mji wa kweli huko North Carolina, Marekani, ingawa filamu yenyewe ilipigwa Wilmington, katika jimbo hilo hilo. Lynch anafungua kwa anga ya buluu, ua jeupe la mbao na maua ya waridi mekundu mpaka unashuku yamepakwa rangi. Gari la zimamoto linapita polepole na mzimamoto anapunga mkono. Watoto wa shule wanavushwa barabara. Mzee anamwagilia nyasi maji, mkewe yuko ndani anatazama televisheni, na kwenye hiyo televisheni kuna mkono ulioshika bastola. Nyuma ya hayo yote Bobby Vinton anaimba ule wimbo wake wa 1963 kwa sauti ya sukari. Kisha mpira wa maji unajikunja, mzee anajishika shingoni, anaanguka. Mbwa anakuja kuyachezea yale maji yanayoruka. Kamera haikimbilii kumsaidia mzee. Inashuka chini, inaingia katikati ya majani, inaendelea kushuka hadi gizani, na huko inakuta wadudu weusi wamepandana, wanatafuna, kelele yao imejaa masikio yako yote mawili.

Watu wengi wakikusimulia Blue Velvet wanaishia hapo. Watakwambia filamu inasema chini ya kila mji mzuri kuna uozo. Nyumba njema si mlango. Na ni kweli, lakini hilo si tungejua hata bila Lynch? Nani kati yetu aliyekulia kwenye mtaa wenye kanisa zuri, geti jipya na maua, halafu akafika umri wa miaka 20 bila kujua siri moja ya nyumba ya jirani ambayo haisemwi? Tunajua. Shida yetu haijawahi kuwa kutojua.

Ndiyo maana nadhani filamu hii inauliza swali lingine, na swali hilo halihusu wadudu walio chini. Linamhusu anayeinama kuwatazama. Ukiuona ubaya ukiwa umejificha, wewe ni nani katika huo ubaya? Na ukishaujua, unadaiwa nini?

Jeffrey ni kijana wa kawaida. Ameacha chuo kurudi nyumbani kusaidia kwenye duka la babake la vifaa vya ujenzi, na hapo tu, nikiwa mtu niliyeacha chuo kwa sababu zisizo za heshima kama zake, nikampenda. Polisi anayelipokea lile sikio, Detective Williams, anamwambia vizuri kwamba asiulize zaidi. Lakini Williams ana binti, Sandy, ambaye chumba chake kiko juu ya ofisi ya babake, na sauti hupanda. Sandy amesikia jina la mwanamke mmoja, Dorothy Vallens, mwimbaji kwenye klabu ya usiku. Yaani hata kabla hatujafika popote, tuna vijana wawili waliolelewa vizuri na wote wawili ni wasikilizaji wa vitu wasivyoambiwa. Jeffrey anapanga mpango. Anavaa kama mtu wa kupuliza dawa ya wadudu, anabisha kwa Dorothy, anaingia, anaiba ufunguo. Hebu tulia na hiyo picha kidogo. Katika filamu inayoanza na wadudu, shujaa wetu anaingia nyumbani kwa mwenyewe akijifanya muuaji wa wadudu.

Usiku anarudi kwa ule ufunguo. Dorothy anaingia kabla hajatoka, na Jeffrey anajificha kwenye kabati la nguo. Mlango wa kabati una mianya. Anachungulia.

Sandy alikuwa ameshamwambia wasiwasi wake: hajui kama Jeffrey ni mpelelezi au ni mtu mwenye tamaa chafu. Anamwambia kwa tabasamu, nusu utani. Jeffrey naye anacheka, na swali linabaki limening'inia hapo kama koti kwenye msumari. Mle kabatini linapata jibu, na jibu ni kwamba hizo ni kazi mbili zinazofanywa na macho yale yale. Anamtazama Dorothy akivua nguo. Hakuna upelelezi hapo, bana. Dorothy anasikia kitu, anachukua kisu, anamtoa. Halafu mlango unabishwa, Dorothy anamrudisha Jeffrey kabatini kwa hofu, na anaingia Frank Booth.

Frank ameigizwa na Dennis Hopper, na sijawahi kuona mtu akiigiza uovu namna hiyo. Anavuta gesi kupitia barakoa. Anatukana kwa kila pumzi. Analia kama mtoto na dakika hiyo hiyo anampiga Dorothy na kumbaka. Amemteka mume wa Dorothy na mtoto wao mdogo, na lile sikio la kiwanjani ni la huyo mume. Yote haya tunayaona kupitia mianya ya kabati, kwa macho ya kijana mzuri aliyesimama kati ya nguo za mwanamke, kimya. Hatoki.

Najua utetezi wake. Angetoka angeuawa, Dorothy pia angeuawa. Labda ni kweli. Lakini ona kinachofuata. Frank anapoondoka, Jeffrey anaweza kwenda kwa Detective Williams usiku huo huo na kumweleza kila kitu. Haendi. Anarudi kwa Dorothy. Anarudi tena. Wanakuwa wapenzi. Dorothy, ambaye akili yake imevurugwa na mateso, anamwomba ampige. Jeffrey anakataa. Kisha usiku mmoja anampiga kweli. Baadaye Frank anamkamata, anamzungusha mjini usiku kucha kwenye gari, na katikati ya vitisho vyote anamtazama na kumwambia kwamba wanafanana. Jeffrey anamrushia ngumi Frank akimtetea Dorothy, anapigwa mpaka anazirai, anaachwa chini. Lakini kesho yake, ameketi kitandani kwake nyumbani, uso umevimba, kinachomliza si kipigo alichopigwa yeye. Ni picha ya mkono wake mwenyewe ukimpiga Dorothy.

Waswahili wana methali ambayo ingetosha kuwa jina la filamu hii: kikulacho ki nguoni mwako. Tumezoea kuitumia kwa rafiki msaliti, jamaa mnafiki, mtu wa karibu. Lakini ukimtazama Jeffrey amesimama katikati ya nguo, methali inageuka. Mdudu hayuko chini ya nyasi za Lumberton. Yuko nguoni, kwenye kabati, na amekuja na ufunguo wake.

Sasa nirudi hosteli, kwa sababu kuna jambo nimelipita haraka. Nilisema tulicheka.

Tulimcheka Frank. Tulimwiga, tulipiga kelele zake, mmoja wetu akavaa kikombe mdomoni kama barakoa. Na filamu yenyewe ni kama inakuruhusu. Ina vichekesho vilivyopachikwa karibu sana na maumivu. Hilo ndilo lililomkera Roger Ebert, mhakiki wa Chicago Sun-Times, wakati filamu ilipotoka. Wakati wengine wakiisifia, na Lynch akienda kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya mwelekezi bora, Ebert aliipa nyota moja. Hoja yake haikuwa kwamba filamu ni chafu. Hoja yake ilikuwa kwamba Isabella Rossellini, aliyemwigiza Dorothy, amevuliwa na kudhalilishwa mbele ya kamera, kisha mwelekezi anajificha nyuma ya mzaha. Ukimwomba mtu akupe kitu kikubwa hivyo, alisema, basi mpe filamu inayostahili.

Rossellini mwenyewe hajakubaliana na utetezi huo aliotetewa. Amesema miaka mingi baadaye kwamba alikuwa mtu mzima na alichagua mwenyewe kumwigiza mwanamke huyo. Namheshimu sana kwa hilo, na nadhani yuko sahihi kwamba kumhurumia mtu bila kumuuliza ni namna nyingine ya kumnyang'anya sauti. Lakini hoja ya Ebert bado ina kitu kinachonichoma, kwa sababu sisi wanne kwenye kile kitanda hatukuwa tumechagua chochote cha maana. Tulikuwa tumepewa mlango wenye mianya, tukacheka.

Kuna kisa kuhusu upigaji wa filamu hii ambacho Rossellini amekisimulia. Karibu na mwisho, Dorothy anatokea usiku kwenye nyasi za nyumbani kwa Jeffrey, uchi, mwili una majeraha, hajui yuko wapi. Walipokuwa wakijiandaa kuipiga hiyo sehemu Wilmington, watu wa mtaa walijaa barabarani kutazama. Walikuja na mablanketi ya kukalia na vikapu vya chakula, wengine na watoto wao, kama wamekuja pikiniki. Rossellini alikuwa na wasiwasi. Waliambiwa kwamba kitakachopigwa kina uchi na kitatisha. Hawakuondoka. Alipotembea kuelekea kamera, alikuwa akikumbuka ile picha ya vita vya Vietnam ya 1972, ya msichana anayekimbia uchi barabarani mikono ikiwa imetanuka baada ya ndege kumwaga napalm. Alitaka watu waone uchungu wa namna hiyo, wasione kitu cha kutamani. Na watazamaji walikuwa wameketi kwenye blanketi, chakula mkononi.

Na huyo mwanamke wa kwenye nyasi hakubuniwa kutoka hewani. Lynch alisimulia zaidi ya mara moja kwamba utotoni mwake, huko Boise, Idaho, jioni moja akiwa nje na ndugu yake, mwanamke alitokea gizani akitembea uchi, mdomo una damu. Alikuwa mtoto. Alitaka kumfanyia kitu na hakujua afanye nini. Nikisikia hivyo, naiona Blue Velvet kwa namna nyingine kabisa: mtu mzima anayerudi kwenye jioni ile ile, bado hajui mtoto yule angefanya nini, na safari hii anajilazimisha kutazama ili ajue.

Nilisema mara ya pili niliizima. Ngoja nieleze.

Nilikuwa nimeacha chuo na kuhamia chumba kimoja kwenye ploti yenye milango 12, choo cha pamoja, bomba moja uani. Mlango wa nne kulikuwa na mume na mke. Usiku fulani, mara nyingi mwisho wa mwezi, tulimsikia akimpiga. Sitasimulia tulichosikia. Nataka tu kueleza kilichokuwa kinatokea upande wetu. Kelele ikianza, ploti nzima ilipunguza sauti. Redio zilishuka, televisheni zilishuka, mtu aliyekuwa anaosha vyombo aliacha. Ungedhani ni heshima. Haikuwa heshima, tulikuwa tunataka kusikia vizuri. Mapazia yalisogea kiasi cha kidole. Asubuhi tulikutana naye kwenye bomba, amejifunga leso mpaka karibu na macho, na sote tulimsalimia vizuri sana. Habari ya asubuhi. Nzuri. Maji yatapotea leo? Sijui, teka mapema.

Usiku mmoja mtu alirekodi ile sauti kwa simu na kuituma kwenye kundi letu la WhatsApp, lile la kukumbushana kodi na takataka. Wengine waliweka vikaragosi vya kucheka. Mimi sikucheka. Nilifanya kibaya zaidi: niliituma kwa rafiki yangu wa zamani wa hosteli, na nikaandika chini yake, skiza vile huku kwetu hakulaliki. Nilikuwa naandika kwa mzaha kuhusu usingizi wangu.

Wiki hiyo hiyo nilijaribu kuitazama tena Blue Velvet, na nilipofika kwenye kabati mkono wangu uliifunga laptopu wenyewe. Wakati huo nilijiambia ni kwa sababu filamu ni nzito na nimechoka. Sasa nadhani nilikuwa nimejiona. Sikuweza kuvumilia kumtazama Jeffrey akichungulia kwa sababu nilikuwa nimeijua ladha ya kile alichokuwa anakionja. Ladha ya kujua. Unasimama gizani, mwenzako anaumia kwenye mwanga, na wewe unahisi, Mungu anisamehe, kwamba una kitu. Una habari. Maisha yako madogo ya kuosha soksi kwenye beseni yamepata uzito.

Na hapa ndipo ninapogombana na wale wanaosema kutazama si kutenda. Tunapenda kugawanya: kuna mtenda, kuna mtendewa, na kuna sisi wengine, mashahidi, ambao mikono yetu ni safi. Lakini shahidi ni mtu aliye tayari kusema alichoona mbele ya watu, jina lake likiwa limeandikwa. Anayechungulia ni kinyume cha shahidi. Anachukua na hatoi. Frank anamnyang'anya Dorothy mume, mtoto na mwili wake. Jeffrey anamnyang'anya faragha ya maumivu yake na hamrudishii kitu, angalau si mwanzoni. Tofauti kati yao ni kubwa mno, sitaki mtu anielewe vibaya. Ila ni tofauti ya kiasi na ya ukatili. Wote wawili wameingia ndani kwa Dorothy bila idhini yake.

Basi tufanye nini, tufumbe macho? Hapana. Hilo ndilo jibu la mji wa Lumberton, na ndilo jibu la mapazia. Mtu asiyetaka kuona kabisa anamwachia Frank uwanja. Kama Jeffrey angeliacha lile sikio kwenye nyasi, Dorothy angefia mle ndani. Udadisi wake ulikuwa mchafu na ulikuwa wa lazima, vyote viwili, na filamu haikubali uchague kimoja.

Jibu nililolipata liko kwenye sehemu moja fupi ambayo sikuiona kabisa mara ya kwanza. Ni usiku ule wa Dorothy kwenye nyasi. Kabla tu hajatokea, kijana mmoja aitwaye Mike, aliyekuwa mpenzi wa Sandy, amekuja na wenzake kutafuta ugomvi na Jeffrey. Anamwona mwanamke uchi gizani na anatoa mzaha kuhusu mamake Jeffrey. Halafu anamtazama vizuri, na mzaha unamfia mdomoni. Anaomba radhi, anaondoka. Jeffrey na Sandy wanampeleka Dorothy kwa akina Sandy. Anasimama sebuleni uchi, amemng'ang'ania Jeffrey, anasema maneno yanayofichua kila kitu mbele ya Sandy, na Sandy uso unamvunjika. Kila mtu kwenye hicho chumba amepatwa na jambo lake na anashughulika nalo. Isipokuwa mtu mmoja. Mamake Sandy, mke wa polisi, ambaye filamu nzima amekuwa mwanamke wa pembeni tu. Anaenda kuchukua koti, anarudi, anamfunika Dorothy.

Basi. Haulizi yeye ni nani. Haulizi amelala na nani. Huenda ndiye mtu anayejua machache kuliko wote kwenye hiyo nyumba, na ndiye pekee anayefanya kinachotakiwa.

Kwenye ploti yetu pia kulikuwa na mtu wa koti. Alikuwa mama mmoja wa makamo, anauza mboga kando ya barabara, hakuwa hata kwenye lile kundi la WhatsApp kwa sababu simu yake ilikuwa ya batani. Usiku fulani kelele ilianza, redio zikashuka kama kawaida. Halafu tukasikia ndara zikitembea uani. Zikasimama mlango wa nne. Hodi. Kimya. Hodi tena. Mlango ukafunguka, na yule mama, saa tano na nusu za usiku, akasema amekuja kuomba chumvi.

Ploti nzima ilikuwa inamsikiliza. Alipewa chumvi. Hakuondoka. Akauliza kama mtoto amepona kikohozi. Akalalamika kuhusu bei ya sukuma. Akasema, dada, hebu njoo kwangu unisaidie kitu kidogo, na dada akatoka, akalala kwake usiku huo. Hakumtukana yule mume, hakumhubiria. Aliusimamisha tu mwili wake katikati ya mlango uliokuwa umefungwa, na mlango ulipokuwa wazi yule mume alishindwa kuendelea, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu anayemwona na yeye anajua anaonwa.

Sitakudanganya kwamba chumvi ilimaliza shida. Baada ya siku mbili dada alirudi mlango wa nne. Mwisho wa mwezi uliofuata walihama, na sijui alikoishia. Na najua pia kwamba kubisha hodi kunaweza kumletea mbishaji kisu, na kwamba kuna usiku ambao kinachofaa ni kupiga simu, kuita watu watano, kwenda na mzee wa nyumba kumi. Sijui kanuni. Najua tu kwamba sisi tuliokuwa na habari zote, pamoja na rekodi, hatukuwa na thamani hata ya kijiko kimoja cha chumvi.

Hata sasa nikiandika haya najua nimekaribia kabati tena. Nasimulia maumivu ya mtu ambaye hajui ameandikwa. Nimejaribu kuacha nje kila kitu ambacho ni chake, na kubakisha kilicho chetu: redio, mapazia, kidole changu kikibonyeza kutuma.

Filamu inaishaje? Jeffrey anarudi kwenye kabati lile lile, na akiwa humo anampiga Frank risasi. Detective Williams anafika na bastola wakati kila kitu kimekwisha. Kisha kamera inatoka polepole ndani ya sikio, na sikio ni la Jeffrey, amelala kwenye kiti bustanini, jua linawaka. Babake amepona. Familia mbili zinaandaa chakula cha mchana. Dirishani ametua ndege mwenye kifua chekundu, yule robin ambaye Sandy aliwahi kuota kwamba siku atakapokuja ataleta upendo duniani. Ndege amekuja kweli. Mdomoni ameshika mdudu, na ukimwangalia vizuri unaona si ndege halisi, ni wa mashine. Shangazi wa Jeffrey anasema yeye hawezi kula mdudu, huku anatafuna chakula chake. Mahali pengine Dorothy anamkumbatia mwanawe kwenye bustani, anatabasamu, halafu tabasamu linaondoka na macho yake yanakwenda mbali.

Zamani nilidhani mwisho huo ni kejeli, kwamba Lynch anatucheka kwa kutaka mambo yaishe vizuri. Siku hizi naamini yale macho ya Dorothy kuliko ndege. Kila mtu amerudi kwenye chakula chake cha mchana. Yeye ndiye anayeendelea kujua.

Wiki mbili zilizopita, mahali ninapoishi sasa, nilisikia kelele ukutani usiku. Mwanamume anapaza sauti, kitu kinagonga meza. Niligundua mkono wangu tayari uko kwenye spika, napunguza muziki. Nilisimama pale kama dakika nzima, nikiona aibu. Halafu nikavaa ndara, nikachukua kikombe, nikaenda nikabisha. Moyo ulikuwa unanidunda vibaya. Kijana alifungua, nyuma yake kuna wenzake watatu na televisheni: walikuwa wanatazama mpira, na timu yao ilikuwa imefungwa dakika ya mwisho. Wakaniangalia. Nikasema nimekuja kuomba chumvi.

Walinipa kikombe kizima. Ninayo mpaka leo.